Aliyeitika Jina la Benon

Kaseti ilikuwa kwenye mfuko wa shati, gitaa liko mgongoni, na jua la kiangazi lilikuwa linazama nyuma ya mlima Kigali pale Sudi Gakwaya aliposhuka kwenye barabara ya uwanja wa ndege na kushika njia ya vumbi ya kwenda Kabeza. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ampelekee mama mmoja kaseti ya mwanawe, aseme pole, arudi kwake Biryogo kabla askari wa bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, hawajaanza ukali wao wa usiku. Mwaka ulikuwa 1991, vita viko mpakani, na mtu mwenye akili zake hakuzurura Kigali gizani.

Kama uliwahi kusikiliza kaseti zilizotoka Kigali miaka ile, basi umemsikia Sudi, ila hukujua kama ni yeye. Bendi ya rumba ikigombana na mpiga solo wake, anaitwa Sudi. Kwaya ya kanisa ikikosa gitaa, anaitwa Sudi, na Uislamu wake haumkeri mtu. Mzee wa kuimba sifa za ng'ombe akitaka gitaa lilie kama inanga, kile kinanda cha mababu, Sudi atakaa pembeni kidogo, atainamisha kichwa, atasikiliza, halafu atapiga vilevile mpaka mzee atokwe na machozi. Watu walimwita Fotokopi. Alicheka walipomwita hivyo, lakini moyoni jina lile lilimchoma. Alipiga kwa mikono ya watu wote isipokuwa yake, na jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye jalada la kaseti hata moja.

Ndiyo maana alikubali mpango wa Silvère.

Silvère alikuwa na studio nyuma ya duka la vipuri vya magari, chumba kilichobandikwa magunia ukutani ili sauti isiruke. Kabatini kwake kulikuwa na wimbo wa Benon ambao haukumalizika. Benon wa Kabeza, fundi wa gitaa hasa, alichukuliwa mwezi wa kumi wa mwaka wa nyuma, ule mwezi watu walipokuwa wakichukuliwa majumbani. Kosa lake, kama walivyonong'ona wenye kujua, lilikuwa kupiga muziki Kampala zamani. Hakurudi. Hakuna aliyeonyeshwa maiti, hakuna aliyeonyeshwa kaburi.

"Malizia gitaa ya Benon," Silvère alimwambia. "Watu iko inamtafuta bado. Ukimaliza, nakurekodi weye. Nyimbo zako, jina lako juu, herufi kubwa."

Benon alikuwa na kidole cha pete kilichokauka. Panga lilimkata utotoni akivuna mtama, na kidole kikabaki kimejikunja kiganjani maisha yake yote. Alipiga kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na upungufu huo ndio uliolipa gitaa lake kule kulia kwa kuchelewachelewa ambako hakuna mwingine aliyekuwa nako. Sudi alifanya nini? Alikikunja kidole chake cha pete kiganjani, akafumba macho, akapiga. Alipomaliza, Silvère alikuwa amevua vipokea sauti vya masikioni na anafanya ishara ya msalaba.

"Sha, Fotokopi... ficha hiyo mkono. Unaniogopesha."

Wimbo ukatoka, ukapigwa redioni, ukapendwa. Sasa Silvère, kwa kuona haya kidogo, alikuwa anampelekea mama wa marehemu nakala yake.

*

Nyumba ilikuwa ya mwisho, imezungukwa na uzio wa miyenzi, ile minyaa ya utomvu, na migomba nyuma yake. Hakukuwa na taa. Dada wa Benon, Athanasie, alimfungulia kabla hajabisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na macho yake yalishuka moja kwa moja kwenye gitaa.

"Ni weye ulipiga ile ya redio?"

"Ile ni ya Benon, dada. Mimi nimemalizia tu. Nimeleta..."

"Ninajua mkono ya kaka yangu inaishia wapi." Alimshika mkono wa shati, akanong'ona. "Mama hana macho tena. Tangu alisikia ile wimbo anasema Benon iko njiani. Halali, hali. Ingia umupigie kidogo, moyo yake ipoe. Lakini usiongee. Unasikia? Piga tu. Hata akisema nini, usifungue mdomo."

Sudi angeweza kuweka kaseti mkononi mwake na kwenda zake. Lakini nimekwambia alikuwa fundi, na fundi akiombwa aonyeshe ufundi, kichwa humvimba. Aliingia.

Ndani kulinuka maziwa na moshi. Bibi Nyirahabimana alikuwa ameketi mkekani, mgongo umeegemea ukuta, macho meupe yameelekea mlangoni. Mbele yake kulikuwa na kiti kidogo cha mbao, kitupu. Athanasie alimwelekeza Sudi akalie hicho.

Alikaa. Alikunja kidole cha pete. Akapiga.

Alipiga taratibu, kwa kuchelewachelewa, kama Benon. Nje mbwa walikuwa wanabweka na mwanamke mmoja alikuwa anatwanga kitu jirani. Gitaa likaendelea. Bibi akaanza kutikisa kichwa. Machozi yakamtoka yakafuata mikunjo ya uso, na Sudi akasikia raha, ndiyo, raha ya fundi, akazidi kuliliza lile gitaa. Akafika mwisho. Akaziacha nyuzi zife zenyewe.

"Benon!" bibi akaita.

"Karame!"

Ilitoka yenyewe. Ewe msomaji, usimlaumu haraka. Kwa Wanyarwanda mkubwa akikuita husemi nini, husemi abee. Unaitika *karame*, yaani uishi. Mama yake Sudi alikuwa Mnyarwanda wa kutoka milimani, na neno hilo alimfundisha kwa kofi kabla hajaota meno ya pili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alilelewa vizuri, na malezi yakamponza.

Nje mbwa walinyamaza. Wote. Mchi nao ukanyamaza.

Halafu ikaja harufu... Udongo. Udongo mbichi, uliolowa, uliochimbwa sasa hivi. Kiangazi kile mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu.

Bibi alinyoosha mkono, akaupata mkono wa kushoto wa Sudi, akaupapasa kidole kimoja kimoja. Kwenye kidole cha pete alisita. Alikinyoosha, akakikunja, akakinyoosha tena.

"Yoo, mwana wangu," alisema kwa upole. "Umerudi na mikono ya mutu mwingine."

Sudi alitaka kuuvuta mkono. Haukuja.

"Si kitu," bibi akasema. "Itazoea."

Akamnywesha maziwa kwa kibuyu, naye akanywa, maana nani anakataa maziwa ya mama mzee? Yalikuwa na ladha ya udongo uleule. Alipogeuka kumtazama Athanasie, alimkuta amebana mdomo kwa mikono miwili.

Athanasie alimsukuma nje mpaka uani. "Nilikuambia piga tu! Mana yanjye, Mungu wangu, nilikuambia usiongee!"

"Nimeitika tu, dada. Ni adabu."

"Nenda. Usigeuke."

Hakugeuka. Lakini alipopita kando ya migomba, aliona kwa jicho la pembeni kijumba kidogo cha nyasi, kile wazee wanachowajengea marehemu wao wapate mahali pa kukaa. Kipya kabisa. Ndani yake palikuwa peupe, hapana kitu... na mtu aliyekuwa amekaa pale alikuwa ameinuka muda si mrefu, maana majani yalikuwa bado yamelala kwa uzito wake.

Kwenye bariyeri askari alimmulika tochi usoni.

"Jina?"

Sudi alifungua mdomo. Jina lililokuja ulimini halikuwa lake. Akaung'ata ulimi mpaka akasikia chumvi ya damu.

Askari akasoma kitambulisho mwenyewe, polepole. "Gakwaya. Jina ni lako, mbona unaitafuta?" Akamrudishia. "Pita."

*

Asubuhi yake kidole cha pete kilikuwa kimejikunja.

Mke wake, Mukantwari, alidhani anatania. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno makavu na moyo laini, na alizoea michezo ya mumewe ya kuiga watu. "Nilikuambia mimi," alisema akikikanda kidole kwa maji ya moto. "Ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba. Nyoosha basi."

"Kimekataa."

Akamtazama. Akaona hatanii. Akaendelea kukanda mpaka maji yakapoa, na kidole kilibaki palepale kiganjani.

Siku ya kurekodi kwake ikafika. Sudi aliingoja siku hiyo ujana wake wote. Wimbo aliuchagua mmoja, wa mdundo wa cherehani ya babu yake, yule fundi nguo aliyetoka pwani na kuoa Biryogo. Tiki-tiki, tiki, tiki-tiki. Huo hakumwiga mtu. Huo ulikuwa wake.

Alipiga mara moja tu. Mikono ilikwenda. Alisikia cherehani masikioni, aliapa aliisikia. Lakini Silvère, kule kwenye mashine, alikuwa amekunja uso.

"Nani anapiga na weye?"

"Niko peke yangu."

"Iko gitaa mbili, Sudi."

Wakarudisha kanda, wakasikiliza. Cherehani ilikuwapo, mbali, imefifia. Juu yake gitaa lililia kwa kuchelewachelewa, vidole vitatu. Na pale mwisho, baada ya nyuzi kunyamaza, ilisikika sauti ya Sudi mwenyewe, safi, ya adabu:

"Karame."

Silvère alizima. "Uliitika nani?"

"Si uliniita?"

"Mimi sikufungua mdomo."

Silvère akaanza kueleza harakaharaka, kama mtu anayefunika chungu kabla inzi hawajaingia. Kanda mpya hazipatikani sababu ya vita. Hii alikuwa amerekodi juu ya kanda ya zamani, labda ya Benon, labda haikufutika vizuri, haya mambo yanatokea. Na hiyo karame ya mwisho ni tamu, iachwe, watu watapenda. Halafu akasema lile lililomkaa moyoni: "Kwa biashara, tuandike Benon tu. Itauzika."

"Hapana."

"Sikia..."

"Andika Sudi Gakwaya," alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Jina langu. Herufi kubwa. Uliahidi."

Silvère aliandika. Jina jema hung'ara gizani, ndivyo wasemavyo wahenga, na siku ile Sudi aliamini kabisa kwamba jina lake likishaandikwa pale litamrudisha kwake.

*

Athanasie alikuja Biryogo mchana mmoja, amevaa kitambaa cha msiba. Hakukaa. Alizungumza amesimama mlangoni, sauti chini, na Mukantwari akiwa pale anasikia kila neno.

Mama alikufa alfajiri iliyofuata ile jioni uliyokuja, alisema. Alikufa anacheka. Mpiga ramli alikuwa amewaambia mutu asiye na kaburi hana pa kulala, basi wamjengee nyumba, wamsikilizishe gitaa yake mara moja, mama amuage, iishe. "Lakini alituambia pia, mutu akiitika badala yake, ule ndiyo nyumba yake."

"Ataondokaje?" Mukantwari aliuliza.

"Ataita. Ataita jina yake mwenyewe na sauti ya mama, juu ndiyo sauti alipenda. Jina isiyoitikiwa inachoka, inarudi. Asiitike tu. Hata mara moja." Alifuta uso. "Wale walimuchukua kaka yangu, walikuja saa ya magharibi. Walisimama kwa mulango, wakamutuma mutu anaemujua aite. 'Benon!' Akasema karame, akatoka. Hakuvaa hata viatu."

Akaenda zake. Mukantwari alikaza kitenge kiunoni, kama mwanamke anayejiandaa kubeba mzigo. Tangu siku hiyo, kila adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, alifunga lango na kukaa ubavuni kwa mumewe. Na kuitwa kulikuja. Siku nyingine mbali, upande wa bondeni. Siku nyingine nyuma ya choo. *Benon...* Koo la Sudi lilipanda na kushuka, mkewe akamziba mdomo, akamsomea sikioni sura zote alizozijua, na sauti ikachoka. Ikawa inapungua. Zikapita jioni kadhaa haikuja kabisa. Mukantwari akaanza kulala.

Kidole kilianza kunyooka. Kidogo tu, lakini wote wawili walikiona, wakashikana mikono kama watoto.

Ndipo Silvère akaleta kaseti. Jalada jipya, linanuka wino, na juu yake SUDI GAKWAYA. Sudi alilipitisha kidole mara nyingi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo akatia betri kwenye redio kaseti, akaiweka juu ya kabati, akabonyeza. Mukantwari alikuwa amewasha kandili. Msikitini walikuwa wamekwisha kuswali.

Tiki-tiki, tiki. Gitaa likaanza kulia.

"Ni nzuri," Mukantwari alisema, na alimaanisha.

Sudi alitabasamu. Alikuwa na furaha jioni ile. Naomba ukumbuke hilo.

Halafu harufu ikaja.

Udongo mbichi...

"Benon!"

Haikuwa mbali. Ilikuwa langoni. Sauti ya mama mzee, ya upole, inayoita mtoto aje ale.

Mukantwari alimrukia. Alimziba mdomo kwa mikono miwili, akamlaza chini, akamkalia kifua. Koo la mumewe lilikuwa linapanda na kushuka chini ya viganja vyake, lakini meno aliyafunga, na macho yake yalimwambia, shikilia, mke wangu, usiniachie.

"Benon... mwana wangu..."

"Haitiki," Mukantwari alinong'ona. "Nenda. Haitiki. Nenda."

Kimya langoni. Kimya kirefu, kama kile cha mtu anayegeuka kuondoka. Mukantwari akasikia mwili wa mumewe unalegea, akapumua. Na ndipo akasikia kimya kingine, ndani ya nyumba.

Wimbo ulikuwa umekwisha. Nyuzi zilikuwa zinakufa zenyewe.

Aligeuza kichwa kabatini. Mkono mmoja tu angeunyanyua angeifikia...

Kwenye redio kaseti, safi, kwa adabu zote, Sudi akasema:

"Karame."

Komeo la lango likanyanyuka.

Mukantwari anasema mpaka leo kwamba mdomo wa mumewe haukufunguka. Aliushika mwenyewe. Anasema Sudi alimwondoa juu yake kwa mkono mmoja, bila nguvu wala hasira, akasimama, akatoka kama mtoto mtiifu aliyeitwa nyumbani, na kidole cha pete kilikuwa kimejikunja kiganjani. Majirani wa upande mmoja walisikia gari likiwashwa barabarani. Wa upande wa pili hawakusikia gari, walisikia mama mzee akisema na mwanawe kwa Kinyarwanda, wanakwenda polepole. Hakuonekana tena, wala maiti wala kaburi, na miaka iliyofuata Kigali ilijaa watu wa namna hiyo, basi hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza sana.

Viatu vyake vilibaki mlangoni. Mukantwari hajaviondoa.

Kaseti bado zipo. Ukizikuta Biryogo, utaona wenyewe wanazisikiliza na kuzipenda, wanatikisa vichwa kwa ule mdundo wa cherehani. Lakini nyuzi zikianza kufa, kuna mtu atanyoosha mkono na kuizima redio. Hataki kusikia nani anaitika, wala hataki, siku moja, kusikia nani anaita.